Ripoti za viraka zimetuchosha: barua ya wazi kwa vijana wa utafiti wa pamoja

Wanangu wa mifugo, wa hospitali, wa mbu, wa mvua na wa takwimu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaificha. Kila mwaka tunaletewa ripoti nene zenye neno "ushirikiano" kwenye jalada. Ukifungua ndani, sura ya kwanza ni mifugo, ya pili binadamu, ya tatu mbu, ya nne mvua, ya tano wameiita "jamii". Hakuna sura inayojua kuwa ina jirani. Waandishi walikutana siku ya kusaini bajeti, wakaonana tena siku ya kupiga picha. Kila fundi amekata kitambaa kwa kipimo chake, kisha mnatuambia tuivae nguo hiyo.

Chukueni Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo na watu ambao mbu huueneza. Virusi vyake vilielezwa mwaka 1931, kutokana na kondoo waliokuwa wakifa karibu na Ziwa Naivasha. Lakini kondoo peke yake hakueleza kwa nini ugonjwa hupotea miaka mingi kisha ukarudi kwa kishindo. Wa wadudu ndiye aliyetuonyesha kuwa mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai yenye virusi kwenye udongo wa mabonde madogo, na mayai hayo hustahimili ukame kwa miaka, yakingoja mafuriko. Wa hali ya hewa akayaunganisha mafuriko na joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki. Ndiyo maana mwaka 2006 wasomaji wa picha za setilaiti waliweza kutoa onyo wiki 2 hadi 6 kabla ya mlipuko. Nao ulikuja: Kenya iliripoti wagonjwa 684 na vifo 155, Tanzania wagonjwa 264 na vifo 109. Na wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Kenya walikuwa wameshaona makundi ya mbu yasiyo ya kawaida, na mifugo ikitupa mimba, zaidi ya wiki mbili kabla ya watu kuanza kuugua. Hatua za serikali zilifika nyuma ya wote hao.

Sasa nije kwenye kidonda changu, nacho ni daftari. Wa hali ya hewa anahesabu mvua kwa siku kumi kumi, kwenye mraba wa kama kilomita 5 na nusu kila upande. Hospitali inahesabu wagonjwa kwa wiki. Ofisi ya mifugo inahesabu kwa mwezi, tena kwa kata. Mtu huugua siku 2 hadi 6 baada ya kuambukizwa. Mkimwandika kwa mwezi, mvua iliyozalisha mbu na mvua iliyomkuta kitandani zinaingia kapu moja. Halafu, data zikishakusanywa, mnamwita mtakwimu: "Tusaidie kuunganisha." Aunganishe nini, wanangu?

Kaeni meza moja kabla gari halijatiwa mafuta. Kila tukio liwe na tarehe tatu: siku dalili zilipoanza, siku sampuli ilipochukuliwa, siku taarifa ilipoandikwa. Andikeni mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kwa sababu 3/4 kwetu ni Aprili na kompyuta iliyopangwa Kimarekani inasoma Machi. GPS, yaani alama ya mahali kwenye ramani, ichukuliwe bomani mifugo inapolala. Mkiichukua kwenye zahanati, ramani itaonyesha ugonjwa unaopenda lami. Ulizeni pia kundi lililala wapi siku kumi zilizopita, maana mvua ikinyesha mfugaji hahami kwa kibali chenu. Namba ya utambulisho iwe moja kwa wote: kijiji, kaya, kiumbe. 04-117-N2 ni ng'ombe wa pili wa kaya 117. Mwenye boma ni 04-117-M1. Mtego wa mbu ni 04-117-T1. Jina la kijiji msiliandike kwa mkono, litapata tahajia tatu. Jaribuni kwa kaya 20, wiki moja, kisha unganisheni majedwali. Mistari ikibaki yatima, bila mwenzake kwenye jedwali jingine, simameni hapo mrekebishe fomu.

Na maabara msikilizane. Wa mifugo akipima kingamwili za IgG, ambazo huonyesha hata maambukizi ya zamani, na wa binadamu akapima kingamwili za IgM, za maambukizi ya karibuni, mtakuwa mnalinganisha kovu na kidonda kibichi.

Yule mwenzenu wa sayansi ya jamii naye, mnayemwita mwezi wa mwisho "ahoji akina mama", ndiye angewaambia mapema nani huchinja, nani hushika kijusi kilichotoka, na nani hunywa maziwa mabichi. Hayo ni kati ya mambo yanayoamua nani ataugua. Mpeni kiti siku ya kwanza.

Mengine nayataja tu. Mpangilio wa majina ya waandishi uandikwe kabla ya kazi. Kibali cha maadili kiwe kimoja, kikitaja watu na wanyama. Friza ya sampuli, ya nyuzi 80 chini ya sifuri, iwe na mwenye kulipia umeme wake mradi ukiisha.

Najua si kosa lenu peke yenu. Tumewalea katika vyuo vinavyompandisha cheo mwandishi wa kwanza na kumsahau wa tano, na chini ya wizara ambazo ng'ombe ana fungu lake na mchungaji wake ana fungu jingine. Sisi wazee tuliziona kuta hizo, tukazipaka rangi. Mtusamehe kwa hilo, lakini msituige.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Mkiwa na majibu ya msimu uliopita, yafikisheni bomani mwezi Agosti, kwa lugha ya pale, na mwacheni mfugaji asahihishe ramani yenu kwa kijiti, mchangani.