Barua ya Malalamiko: Mlipaka Silikoni, Maji Yanaingia Palepale

Kilifi,
9 Juni 2025.

Kwa Meneja wa Huduma,
Karakana ya Boti,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: KAZI YA KUZIBA MAJI YA MVUA KATIKA KEBINI YA BOTI YANGU

Ninaandika kulalamikia kazi mliyonifanyia tarehe 18 na 19 Februari mwaka huu. Boti yangu ni ndogo, ya tanga, ya faiba, urefu wake mita 7, iliundwa mwaka 1979 na huwa nimeifunga kwenye boya katika hori ya Kilifi. Niliwaomba mambo mawili, na yote mawili yameandikwa kwenye karatasi yenu ya kazi: mtafute mahali maji ya mvua yanapoingilia kebini, kisha mpazibe. Nililipa shilingi 68,000 na risiti ninayo. Jambo la kwanza halikufanywa kabisa. La pili lilifanywa pasipo mahali pake na kwa dawa isiyofaa, na boti sasa ni mbovu kuliko mlivyoipokea.

Mafundi wenu wawili walipofika, niliwaonyesha doa la maji chini ya dirisha la nyuma, upande wa kushoto, juu ya kitanda. Walilitazama dakika chache wakasema ni dirisha. Wakapaka silikoni nyeupe kulizunguka, wakapaka na madirisha mengine matatu, wakapaka chini ya nguzo za kamba za ubavuni na kando ya mlango wa juu wa omo, yaani mbele ya boti. Hakuna bolti hata moja iliyofunguliwa. Niliwauliza kama hawatamwagia maji kwanza ili kupima, wakanijibu kwamba kazi hiyo wameizoea. Februari huku kwetu ni kiangazi, kaskazi inavuma na mvua hakuna, kwa hiyo boti ilikuwa kavu na mimi nikatia sahihi.

Masika yalipoanza kumwaga mwezi wa Aprili, nililala botini na mpwa wangu wa miaka 12. Saa nane usiku aliniamsha akasema, "Mjomba, nanyeshewa." Niliwasha kurunzi. Maji yalikuwa yakitokea kwenye pembe ya juu ya dirisha lilelile mlilolipaka. Yalifuata ukingo wa ubao, yakajikusanya kwenye kichwa cha skrubu hadi yakawa mazito, kisha yakadondoka kwenye mto wake, tone baada ya tone, kwa mwendo usiobadilika. Niliyaonja: hayakuwa na chumvi. Ilikuwa mvua, si bahari. Kulipokucha godoro lilikuwa limelowa upande mzima, ramani za pwani zimegandana, na kwenye ngama, chini kabisa ya boti, tulifua ndoo tatu za maji. Mtoto alikuwa ameketi ngazini amejifunika tanga dogo, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichosalia kikavu.

Niliwapigia simu asubuhi hiyo. Nilipiga tena mara tatu, nikawatumia picha, na jibu nililopata mwishoni ni kwamba boti kuukuu lazima ivuje. Jibu hilo liliniuma kuliko hasara yenyewe. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa kalafati, yaani wa kuziba nafasi za mbao za majahazi. Kabla ya kusindilia uzi mmoja wa pamba iliyolowekwa mafuta, alipitisha ukucha kwenye nafasi ya kila ubao na ubao, kutoka omo hadi tezi, na palipokuwa na shaka alirudia. Majahazi aliyoyatengeneza yalikuwa na umri mkubwa kuliko boti yangu. Maji hayaingii kwa sababu chombo kimezeeka. Yanaingia kwa sababu pana tundu, na tundu hutafutwa.

Basi tulilitafuta wenyewe, na ninawaeleza jinsi tulivyofanya kwa sababu hii ndiyo kazi niliyowalipa. Tulitoa magodoro yote, tukashusha kitambaa cha dari upande wa kushoto, tukakausha kila pembe kwa kitambaa, kisha tukapaka poda ya mtoto kwenye faiba iliyobaki wazi, ili tone likipita liache njia yake. Chini ya kila bolti tulibandika kipande cha karatasi ya chooni. Mpwa wangu alikaa ndani na kurunzi, nami nikawa sitahani na mpira wa maji. Mpira haukuwa na nguvu, ulitiririsha tu, maana maji ya shinikizo hupenya hata mahali ambapo mvua haipenyi. Nilianzia chini, kwenye ukingo wa sitaha na ubavu, nikapanda polepole, kila kifaa dakika 10. Ukianzia juu, maji yanatelemka yakalowesha kila kitu na hutajua ni tundu lipi.

Kwenye dirisha nilimwaga dakika 20. Poda ilibaki kavu juu yake. Nilipofika kwenye bamba la chuma linaloshika waya za mlingoti, karibu nusu mita mbele ya dirisha na juu zaidi, hazikupita dakika nne mtoto akapiga kelele: karatasi imelowa. Kutoka hapo maji yalichora mstari kwenye poda, yakatambaa palipokuwa na kitambaa cha dari kuelekea nyuma, yakakutana na fremu ya dirisha, na hapo ndipo yalipopata upenyo wa kutokea. Mlilipaka mahali pa kutokea. Mahali pa kuingilia hamkupagusa.

Sikutaka kuwalaumu kwa jaribio moja. Wiki iliyofuata niliazima mashine ya kupuliza hewa kwa fundi wa magari, nikaziba matundu ya hewa na mianya ya mlango kwa utepe, nikaielekeza ndani ya kebini, kisha nikapaka povu la sabuni nje kwenye kila kifaa. Hewa inayosukumwa kutoka ndani hutoka kwenye tundu lilelile linaloingiza maji. Kwenye bamba la mlingoti mapovu yalifura kama maziwa yanayochemka. Yalitoka pia chini ya nguzo mbili za ubavuni, yakipenya katikati ya silikoni yenu na faiba. Kwa miezi mitatu ya jua ilikuwa imeachia. Niliishika kwa kidole na kuivua kama ganda.

Nilipoifungua bolti ya bamba, yalitoka maji ya rangi ya chai. Bwana Meneja, mnajua maana yake. Sitaha ya boti hii ni matabaka mawili ya faiba yenye mti mwepesi wa balsa katikati. Nilianza kuigonga kwa mpini wa bisibisi. Kwingine inalia kwa sauti kavu na kali. Kuzunguka bamba hilo, eneo la shubiri moja hivi, inajibu kwa sauti nzito kama ya gunia. Balsa imelowa. Sisemi nyinyi ndio mlioilowesha tangu mwanzo. Nasema mliitwa kutafuta jambo hilo hasa, na lau mngeondoa bolti moja tu mwezi wa Februari, mngeliona kabla ya masika nzima kuingia humo.

Kuna jambo jingine, na hili ni lenu moja kwa moja. Fremu za madirisha yale zina vitundu vidogo chini, upande wa nje, vya kutolea maji yanayoingia kwenye mfereji wa kioo. Mafundi wenu waliviziba vyote kwa silikoni. Maji yaliyokuwa yakitoka yenyewe kwa miaka yote sasa yanajaa mferejini na kufurikia ndani. Madirisha mawili ya kulia, ambayo hayajawahi kuvuja tangu niinunue boti, yanavuja sasa.

Na silikoni yenyewe si kitu cha kupaka ovyo kwenye boti. Ikishakaa, hakuna dawa nyingine inayoshika juu yake, hata silikoni mpya haishiki vizuri, na huacha utando usioonekana kwenye faiba. Nimeikwangua siku tatu kwa kijiti cha plastiki, nikafuta kwa spiriti, nikapiga msasa, na bado kuna sehemu ambazo tone la maji linateleza kama kwenye sahani ya mafuta. Kazi ya namna hii hufanywa kwa kung'oa kifaa, kusafisha pande zote mbili, kupanua tundu na kulijaza gundi ya epoksi ili maji yasiifikie balsa tena hata kama dawa ya juu itachoka, kisha kutoboa upya, kuchonga kidogo ukingo wa juu wa tundu uwe mshazari, kuweka utepe wa butili, yaani mpira laini unaonata, na kukaza nati kutoka ndani huku bolti ikishikwa isizunguke. Hayo si siri ya mtu. Ni kazi ya kawaida ya karakana yoyote ya boti.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ule mlingoti. Stenlesi inang'aa kwa sababu inapata hewa. Ikifungiwa kwenye unyevu usiokauka, inaliwa na kutu sehemu ile isiyoonekana, huku juu ya sitaha bado inametameta. Bamba hilo ndilo linaloshika mlingoti upepo ukipiga upande wa kushoto. Nilikuwa nimekusudia kwenda Lamu mwezi wa Septemba na mke wangu na huyu mpwa wangu. Sitawapandisha kwenye boti hii kabla bamba halijatolewa likatazamwa lote.

Kwa hiyo ninaomba haya. Mnirudishie shilingi 68,000 zote, kwa kuwa mvujo haukutafutwa wala haukuzibwa. Mgharamie kuondolewa kwa silikoni yote mliyoipaka, na vitundu vya madirisha vifunguliwe. Mlipie godoro na ramani. Risiti za kununulia vingine nimeziambatanisha, jumla ni shilingi 14,500. Balsa iliyolowa nitaitengeneza kwa gharama yangu, kwa sababu ulowevu huo ulikuwepo kabla yenu, lakini mniandikie kwamba mafundi wenu hawakufungua bolti yoyote wala kupima kwa maji. Nahitaji maandishi hayo kwa fundi atakayefuata, ajue hakuna alichotanguliwa nacho isipokuwa silikoni.

Sitaki mafundi walewale warudi. Kama kuna mtu wenu anayejua kazi ya kutafuta mvujo na yuko tayari kuja Kilifi akaone njia ya maji kwenye poda, ambayo sijaifuta mpaka leo, nitampokea siku yoyote, nami nitashika mpira wa maji mwenyewe.

Katiba ya Kenya, katika Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaostahili, na haki ya kulipwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Nasubiri jibu lenu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Nisipolipata nitapeleka dai langu Mahakama ya Madai Madogo pamoja na picha, video ya mapovu na karatasi yenu ya kazi.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, karatasi ya kazi, picha 11 na kipande cha silikoni kilichobanduka kwenye nguzo ya pili ya kushoto.

Wenu mteja,

Mwenye boti,
Kilifi.