Ndugu akikamatwa, msimuulize amefanya nini

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na familia zitakazopigiwa simu usiku, kama tulivyopigiwa sisi, kuambiwa kijana wenu yuko kituoni.

Kila ndugu alitaka kujua jambo moja: mdogo wangu amefanya nini? Wakili alinikataza kabisa kumuuliza hilo, iwe kwa simu au kwenye kaunta. Katika nchi nyingi, siri ya mteja na wakili wake inalindwa na sheria. Mazungumzo ya dada na kaka hayalindwi hivyo. Askari aliye karibu anaweza kuyatolea ushahidi, nami naweza kuitwa mahakamani.

Basi nikamuuliza: umeambiwa kosa gani, umeumia, umekunywa dawa? Nikamsihi ataje jina lake, asibishane na mtu, aombe wakili awepo kabla ya kuandika maelezo, na asitie sahihi asichokisoma.

Dawa ndiyo iliyonikosesha amani. Ana kifafa, na kukosa vidonge pamoja na kukesha kunatosha kumwangusha. Nilivipeleka katika pakiti yake ya hospitali, yenye jina lake, pamoja na cheti cha daktari. Vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi havipokelewi, na sioni kosa la askari hapo. Nilimwomba ofisa wa zamu aandike kitabuni saa alipovipokea na saa ya kumpa. Jina la ofisa huyo na namba ya jalada nikaviandika kwangu.

Mama alitaka tufuatane. Nilimwomba abaki na simu, maana kijana alikuwa amenyang'anywa yake na namba aliyoijua kwa kichwa ni ya mama tu. Binamu niliwaomba wasiandike chochote mtandaoni. Aliyejitokeza kutaka fedha za "kuongea na wakubwa" tulimkatalia.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, Ibara ya 9, unataka aliyekamatwa aelezwe sababu wakati uleule, na anayeshikiliwa kwa kosa la jinai afikishwe kwa hakimu bila kucheleweshwa. Muda kamili uko katika sheria ya kila nchi. Muulizeni wakili mapema, mjue lini wadhamini wawe tayari na vitambulisho vyao.

Kwa wakuu wa vituo nina ombi: kila anayeingia mahabusu aulizwe ugonjwa na dawa zake kabla mlango haujafungwa, na jibu liandikwe.

Dada wa mshtakiwa