Shoga, mdomo wa ndege unanilalia

Padova, Januari

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Nimekaa kimya tangu Idi, najua, na ile simu yako ilinikuta niko zamu. Uniwie radhi. Mama anaendeleaje na mguu? Na yule wa Chumbageni, ameshalipa viatu vya watoto? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye kucha.

Nimeshika kalamu kwa ajili ya ngozi. Karnivali ya Venice, ile sherehe ya vinyago, imekaribia na wenzangu wa kazini wanakodi magauni. Mimi nashona kinyago cha daktari wa tauni, kile chenye mdomo mrefu wa ndege. Wao wanakiona kitu cha kutisha watoto. Mimi kila nikikitazama namkumbuka Bibi akituhadithia Lushoto ya miaka ile ya themanini, panya wanaokotwa wamekufa ndani ya nyumba, watu wanatoka mitoki, na waganga wa serikali wanapanda milima kuwafuata. Mtu anayemwendea mgonjwa ambaye wengine wanamkimbia, huyo ndiye ninayetaka kumvaa.

Kwa hiyo sitaki kubahatisha. Vazi lenyewe husemwa ni la Charles de Lorme, tabibu wa wafalme wa Ufaransa, mwaka 1619: pua ya nusu futi, matundu mawili tu, moja kila upande, na ndani manukato, maana waliamini ugonjwa unakuja na hewa mbaya. Macho ya kioo, koti la ngozi lililopakwa nta. Kumbe mwenye kosa alikuwa kiroboto! Tena huenda ile nta ndiyo iliyowafaa kuliko manukato yote, kiroboto hapati pa kushika. Ndani ya mdomo wangu nitatia karafuu za Pemba ulizonifungia kwenye khanga. Bado zinanukia.

Sasa tabu yangu. Ngozi ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya kromu, ile inayolainishwa kwa chumvi ya madini, laini kama shavu, nikailowesha, nikaibana kwenye umbo, ilipokauka ikarudi kuwa bapa. Nikatafuta ya ng'ombe iliyolainishwa kwa magome, milimita 2. Hiyo imekubali maji na imeshika umbo vizuri. Nimeikata vipande viwili, kushoto na kulia, mshono mmoja juu na mmoja chini, sindano mbili kwenye uzi mmoja kama alivyotufundisha marehemu Baba Athumani. Mpaka hapo safi. Lakini pale mdomo unapokutana na mashavu ngozi inajikunja, na nikivaa mdomo mzima unalala kifuani kama jogoo mgonjwa. Nikadhani maji ya moto yataukaza. Kipande kimoja kikasinyaa, nikalia, shoga, wiki nzima ya kazi ya usiku.

Na vioo vinashika ukungu nikipumua. Hilo nadhani nitaliweza, nitaongeza tundu chini ya kidevu pasipoonekana, ingawa de Lorme alitaka mawili tu na roho inanisuta kidogo.

Juzi siku ya mapumziko nilikwenda Venice kwenyewe, nikasimama mbele ya kanisa la Salute. Walilijenga kwa nadhiri, baada ya tauni ya 1630 kuwamaliza maelfu na maelfu. Watu wanapiga picha pale na vinyago vya plastiki vya mdomo mrefu. Nikarudi kwenye treni nafikiria mishono tu.

Basi niambie wewe uliyeshona ngozi miaka yote hii. Pale kwenye shavu nikate vipembe vidogo, kama unavyobana kiuno cha gauni, au niloweshe upya na kuvuta? Nta niipake kabla ya kushona au baada? Nikiongeza mkanda wa tatu upite juu ya utosi, utaubeba mdomo, au utanivutia macho juu? Na msharasi wako, matundu unayaachanisha kiasi gani kwenye kona? Halafu Zuhura kajifungua? Mbona hamkuniambia?

Karnivali inafika mwisho Jumanne, siku moja kabla ya Kwaresma, kwa hiyo usiningoje nikupigie. Nirekodie mikono yako ukishona kona ya kisigino, polepole, nione uzi unapopita.

Wako,
Rehema