Barua kwa Kocha, baada ya safari ya Mesa

Chicago,
24 Machi 2024.

Kwako Kocha, swahibu wangu wa tangu utotoni,

Assalaam alaykum, na Ramadhani njema kwako na kwa wote nyumbani Tanga. Sisi huku tu wazima, Alhamdulillah, na funga inakwenda vizuri.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu kwa haraka: inakuwaje mtu mzima aombe ruhusa kazini, apande ndege kwa karibu saa nne, aende kutazama michezo isiyo na pointi wala kombe? Nimesharudi, na sasa naweza kukujibu kwa niliyoyaona, ingawa wewe unayepanda basi kwenda Dar es Salaam kila Agosti kwa ajili ya Simba Day unalijua jibu nusu yake.

Timu zote 30 za ligi kuu ya besiboli hukusanyika kwenye joto ifikapo Februari kujiandaa na msimu: 15 hupiga kambi Florida na 15 huenda Arizona, kandokando ya jiji la Phoenix. Timu yangu, Chicago Cubs, hukaa katika mji wa Mesa, kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 2014 wenye nafasi ya watu 15,000, ambao si hata nusu ya wanaoingia katika uwanja wao wa hapa Chicago. Nilikaa huko siku nne katika wiki ya kwanza ya Machi, kabla mwezi haujaandama. Hapa nyumbani nilikuwa bado natembea na koti zito. Kule nilitandika mkeka kwenye mteremko wa nyasi nyuma ya uwanja, jua la jangwani likiniwakia kama la kwetu, ila bila jasho, kwa jinsi hewa ya kule ilivyo kavu.

Lakini michezo yenyewe huanza saa saba mchana, na kilichonipeleka Mesa hasa kilikuwa cha asubuhi. Kando ya uwanja mkubwa kuna viwanja vya mazoezi ambako shabiki husimama nyuma ya uzio wa wavu na kuwatazama wachezaji kwa umbali wa hatua chache. Wengi walikwenda kumtazama Shota Imanaga, mrushaji wa mkono wa kushoto aliyesajiliwa Januari kutoka Japani. Mimi, kipa wako wa zamani, niliwafuata wadakaji, wale wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira ya mrushaji.

Kijana mmoja nilimtazama karibu saa nzima. Mwalimu wake alipiga goti hatua kumi hivi mbele yake, ndoo ya mipira ikiwa ubavuni, akawa anarusha kwa makusudi ili mpira upige vumbi kabla ya kumfikia. Kijana hakutakiwa kuudaka. Alitakiwa aangushe magoti yote mawili, azibe upenyo kati ya magoti hayo kwa glavu, akunje mabega kwa mbele na kukiweka kidevu kifuani, ili mpira umgonge kwenye kinga ya kifua na kufia hapo hapo miguuni pake, kwa kuwa ukimpita tu, wapinzani waliokwishafika vituoni, zile alama wanazozizunguka ili kupata pointi, husonga mbele bure. Kushoto, kulia, katikati, kisha kushoto tena. Mpira mmoja ulimpiga kwenye mkono usio na kinga. Akaukung'uta mkono, akaurudisha mgongoni, akachuchumaa upya bila neno. Kocha, nilikumbuka zile jioni ulizokuwa ukinipigia mipira ya chini upande wangu mbovu mpaka giza linaingia, nikasimama pale nikiwa nimeushika wavu kwa mikono yote miwili.

Mchana, mastaa wakicheza vipindi vitano kati ya tisa ni vingi. Kisha huondoka, na nafasi zao huchukuliwa na vijana waliovaa namba za 80 na 90, wengine wakiwa hawana hata jina mgongoni. Baadhi ya watazamaji huanza kuondoka hapo. Mimi naona kwamba hapo ndipo mchezo unapoanza, kwa sababu matokeo hayahesabiwi kwa timu, tena mchezo unaweza kuachwa sare, jambo ambalo msimu ukianza halikubaliki. Lakini kwa kijana yule, mpira mmoja alioupokea vizuri mbele ya walimu unaweza kumpa riziki ya mwaka mzima. Mfano ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini: alisajiliwa na timu ya Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akapitia kambi na ligi za chini mwaka baada ya mwaka, hadi tarehe 26 Aprili 2017 alipokuwa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kwetu kucheza ligi kuu. Mara yake ya kwanza kusimama na gongo aliupiga mpira wa mrushaji wa Cubs, Jon Lester, akafika kituo cha kwanza. Ilikuwa dhidi ya timu yangu, na nilifurahi kuliko siku nyingi ambazo timu yangu ilishinda.

Kijana yule niliyemtazama asubuhi aliingizwa siku ya tatu, mwishoni kabisa. Mpira ulipiga vumbi mbele yake. Akaanguka magotini, ukamgonga kifuani, ukatulia. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa mimi na mzee mmoja aliyekaa jirani, na tukatazamana.

Alhamisi hii, tarehe 28, Cubs wanaanza msimu wao ugenini Texas. Mdakaji wangu hatakuwemo, kwani amepangiwa ligi za chini.

Siku ya mwisho mwalimu mmoja alinirushia mpira juu ya uzio. Una mishono 108 ya uzi mwekundu, na upande mmoja bado una vumbi la Mesa, ambalo sikulifuta. Shemeji yangu anakuja Tanga baada ya Idi na atakuletea. Mpe kipa wako mdogo wa Chumbageni, yule uliyeniandikia kwamba anaogopa mipira ya chini, umfundishe kuangusha magoti yote mawili. Kisha niandikie alivyofanya.

Wasalaam,
Kipa wako