Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: seva itume meseji yenyewe

Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri yetu,

Salaam. Jumanne iliyopita nilimpeleka mama hospitali ya wilaya. Saa moja na nusu asubuhi foleni ilishafika nje, chini ya mwembe, na dirisha la malipo limebandikwa karatasi: "Mtandao hakuna." Bila namba ya malipo hakuna kipimo. Mama alikuwa hajala tangu jana yake ili apimwe sukari. Alikaa kwenye benchi, cheti kakikunja kiganjani mpaka kikalowa jasho.

Mimi ni fundi wa mitandao, nikamtafuta kijana wa TEHAMA nimuulize kulikoni. Yeye simlaumu hata kidogo. Alijua saa mbili, mhasibu wa dirishani alipompigia simu. Kufungua seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mfumo wa malipo, diski yake ya kuhifadhia kumbukumbu imejaa tangu saa tatu usiku. Kuisafisha kulimchukua dakika kumi. Dakika kumi, Ndugu Mkurugenzi, baada ya mfumo kulala usiku kucha!

Naomba uagize seva ziwekewe mlinzi, yaani programu inayozichungulia muda wote. Programu za kazi hiyo zipo na hazilipiwi: Nagios, iliyoanza mwaka 1999, na Zabbix, iliyotoka 2001. Diski ikifika asilimia 80, programu inamwita mtu, haisubiri diski ijae.

Wengi hukosea kwenye njia ya kumwita. Wanaweka barua pepe, nayo inapita kwenye intaneti ileile iliyokatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tuliona wenyewe intaneti inavyoweza kututupa mkono. Meseji ya kawaida inapita kwenye mnara wa simu, inafika hata kwenye kitochi. Kinachotakiwa ni modemu, kile kifaa kidogo cha kutumia laini ya simu, ichomekwe kwenye kompyuta ndogo iliyo nje ya chumba cha seva, yenye umeme wake wa akiba. Ikitegemea umeme uleule wa seva, ukikatika zinazima zote.

Meseji iseme seva ipi, tatizo gani, tangu saa ngapi. Kama tatizo ni seva kutojibu, isitumwe mpaka ishindwe kujibu mara tatu mfululizo, maana fundi akiamshwa bure kila usiku atazima simu, na hapo tumerudi tulikotoka. Asipojibu ndani ya robo saa, iende kwa mwenzake. Na kila asubuhi mlinzi mwenyewe atume meseji kwamba yu hai. Nimeshaona laini imekaa miezi bila salio, watu wanadhani kimya ni usalama.

Tafadhali weka salio hilo kwenye bajeti, na zamu ya usiku ilipwe posho.

Modemu ninayo nyumbani, inafanya kazi. Jumatatu saa mbili nitaileta masijala, pamoja na maelezo ya kuifunga. Kijana wako akiniruhusu, tutaifunga pamoja siku hiyohiyo bila malipo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi wa mitandao, mkazi wa wilaya yako