Risala ya Kamati ya Usalama ya Wazazi na Walimu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu Kata, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzetu nanyi wanafunzi, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kwetu. Tunajua muda umebana, hivyo historia tunaipitisha mbio: klabu yetu ya usalama ilianzia chini ya mwembe, ikiwa na mwalimu mmoja, skauti wachache na filimbi ya kuazima. Leo ndiyo klabu bora katika kata nzima. Nyingine haipo, lakini ubora ni ubora.

Mafanikio ni makubwa. Mtoto wa darasa la kwanza hapa anajua kuwa namba ya zimamoto ni 114 na haipigwi kwa mchezo. Anajua nguo ikishika moto hakimbii, analala chini na kujiviringisha. Chumba kikijaa moshi anatambaa, maana hewa ya kupumua imebaki chini. Wamefundisha hata mama zao kuwa mafuta ya kukaangia yakiwaka hayamwagiwi maji, yanafunikwa. Binti mmoja wa darasa la tatu alimzuia baba yake kuwasha kibatari karibu na dumu la petroli. Makofi tafadhali, kwa binti, siyo kwa baba.

Mheshimiwa, sasa tufike kwenye tulilokuitia. Moto tumeuweza kiasi chetu. Kilichotushinda ni barabara.

Watoto wetu wengi wanakaa ng'ambo ya barabara ya Musoma. Tunawafundisha watazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, kwani gari la kwanza kumfikia anayeanza kuvuka linatoka kulia; wasichomoke nyuma ya daladala; wavukie kwenye zebra. Hapo kwenye zebra ndipo tunapoumbuka. Zebra yetu imechorwa kwa chokaa mbele ya ofisi ya Mwalimu Mkuu, mahali ambapo hata baiskeli haipiti. Kule barabarani hakuna mstari, tuta wala kibao. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, ila fuso zinazowahisha dagaa sokoni hazijasomewa. Anayetusimamishia magari ni mama muuza vitumbua, kwa kitambaa chekundu. Siku akiugua, kila mtoto na Mungu wake.

Hatulaumu mtu, Mheshimiwa, lakini wewe ni mgeni rasmi wa tatu kusomewa aya hii. Wa kwanza aliahidi miezi mitatu. Kweli walikuja watu na futikamba, wakapima, wakapigilia vigingi viwili. Kimoja kinafungiwa mbuzi hadi leo. Wa pili alisema suala hili amelibeba. Tunaamini bado analo.

Hatuombi daraja la juu. Tunaomba rangi nyeupe, matuta mawili, vibao viwili na askari wa usalama barabarani asubuhi na watoto wanapotoka. Kokoto wazazi watabeba. Tunachokosa ni kibali. Ombi la mitungi ya kuzimia moto tumeliweka kiporo kwa makusudi, lisije likatekelezwa hilo ikaonekana tumemalizana.

Mwisho, kwa heshima zote, dereva wako tumemwomba aegeshe gari ng'ambo. Baada ya chai, wanafunzi watakuvusha.

Tunaomba kuwasilisha.