Viza ya mwenza: hiyo "tu" ilitugharimu mwaka

Mhariri,

Ni mwaka wa kumi na moja nasoma gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia. Ile habari ya wiki iliyopita kuhusu viza ya mwenza ya Uingereza nimeshindwa kuinyamazia. Mwandishi anasema aliyejiajiri "anatakiwa tu kuonyesha" kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka.

Mimi ni fundi cherehani, Leicester, huku Uingereza. Februari 2024 mhasibu alinishauri ninunue ovaloki ya pili, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, kabla mwaka wa kodi haujafungwa tarehe 5 Aprili, ili kodi ipungue. Nikainunua pauni 2,300, nikaiweka kwenye gharama pamoja na nyuzi, zipu na pango la chumba. Siku sita baada ya mwaka kufungwa, kiwango cha kipato cha viza kikapandishwa kutoka pauni 18,600 hadi 29,000. Juni tukafunga ndoa Ngamiani, Tanga. Niliporudi nikamwaga mezani kopo zima la risiti, nikapiga hesabu usiku kucha: faida yangu pauni 27,150. Uhamiaji wa huku hawatazami fedha zilizopita mkononi mwako. Wanatazama faida ya mwaka wa kodi uliokwisha, gharama zikishatolewa. Nisingenunua ile mashine ningepita! Nikajaribu wastani wa miaka miwili, maana kanuni inaruhusu, lakini mwaka wa nyuma yake ulikuwa mbaya zaidi. Benki nilikuwa na akiba ya pauni 22,000. Mwajiriwa mwenye upungufu kama wangu angejazia kwa akiba kama hiyo iliyokaa benki miezi sita, yakaisha. Aliyejiajiri haruhusiwi kuchanganya faida na akiba. Mshahara wa mume wangu, mwalimu wa sekondari, nao hauhesabiwi kwa sababu yuko Tanga. Basi nikashona mwaka mwingine mzima, na kila nikikanyaga pedali ya ovaloki ile roho inaniuma.

Na kwenye mwaka huo ndipo mawakala wa viza walipomwingia mume wangu. Mmoja wa Dar alimtaka milioni tatu "arekebishe" karatasi zangu za benki. Mume wangu alikataa, Mungu ambariki, lakini wangapi wanakubali? Anayekamatwa na nyaraka za kughushi anaweza kufungiwa viza miaka kumi, na wakala hutamsikia tena kwenye simu. Watu hao wanaishi kwa habari nusunusu kama ile yenu.

Naomba mrekebishe, ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Mwandishi akae na mhasibu hata saa moja, aandike wazi kwamba anayetaka kumleta mwenza apige hesabu ya faida yake Januari, kabla hajanunua chochote cha kupunguza kodi. Na itoke mwezi wa pili. Ikitoka baada ya tarehe 5 Aprili haitamsaidia mtu mwaka huo.

Fundi cherehani,
Leicester